Bakuli Lenye Jina Chini Yake

Verna Skoglund aliwapikia watoto wa shule ya mji mdogo wa Nordby mpaka akastaafu, na tangu mumewe afariki hakuwa na wa kumpikia. Alipoitwa mahakamani kuwa mmoja wa raia sita wa kuamua kesi, alifurahi kuliko inavyopasa. Angalau kule kulikuwa na watu wa kumsabahi.

Kesi ilikuwa ya mjane, LaVonne Brekke. Mumewe, Merle, alizama katika mahindi ndani ya ghala la ushirika wa wakulima wakati mashine ya kuyatoa haijazimwa, akakosa pumzi akafa. LaVonne alidai fidia: mshahara wa Merle, na pia kile ambacho mawakili walikiita kupotewa na mwenzi. Wakili wa ushirika akamuuliza, kwa upole mwingi, huko kupotewa kunaonekanaje.

"Nakula nimesimama," LaVonne alijibu. "Pale kwenye sinki. Nikikaa mezani nakiona kiti chake."

Maneno yale yalimchoma Verna. Yeye naye alikula vivyo hivyo miaka yote, akidhani ni wazimu wake peke yake.

Jaji aliwaonya kila jioni wasiseme na wenye kesi wala kuwakaribia. Verna hakusema na mtu. Ila kwao nyumba ikifiwa unapeleka chakula, na kwake yeye msiba wa Merle ulikuwa ndiyo kwanza umeingia. Alioka bakuli la nyama ya kusaga na maharage mabichi, akapanga viazi vidogo juu, akaliacha bakuli kibarazani kwa LaVonne bila kubisha hodi. Tenda wema nenda zako, ndivyo tunavyoambiwa. Lakini chini ya bakuli palikuwa na utepe wenye jina lake, kama mabakuli yote ya kule, la sivyo hayarudi kwa wenyewe. Aliubandika zamani, hata hakuukumbuka.

Kesho yake waamuzi walimpa LaVonne fidia nono. Jumamosi LaVonne aliosha vyombo, akaligeuza bakuli, akasoma. Jina lile alilisikia likiitwa mahakamani. Angeweza kuubandua utepe akanyamaza, lakini alimpigia simu wakili wake, na wakili hakuwa na njia ila kumwambia jaji.

"Ulitaka kumsaidia?" jaji alimuuliza Verna.

"Nilitaka ale, Mheshimiwa."

"Kabla hujaamua kesi yake?"

"Njaa yake haikungoja niamue."

Jaji hakucheka. Uamuzi ulifutwa, kesi ianze upya mbele ya watu wengine. Na tuseme kweli, jaji hakukosea. Hilo ndilo lililomuumiza Verna zaidi, maana hakupata hata mtu wa kumlaumu.

Jumapili iliyofuatia hukumu hiyo ya jaji alipeleka chakula kanisani katika bakuli jingine, kwenye ukumbi wa chini wanakokunywa kahawa. Ardis, aliyepika naye shuleni, akaliinua bakuli juu.

"Verna, shoga yangu, hiki tule, au kinapitia kwa jaji kwanza?"

Walicheka wote, halafu wakakaa meza nyingine. Baada ya hapo akaacha kwenda.

Theluji ilikuwa inayeyuka LaVonne alipogonga mlango wake, bakuli mkononi. Lilikuwa tupu. Kule hurudishi chombo cha mtu kitupu. Utatia japo biskuti mbili.

"Sijatia kitu, Bi Verna," alisema. "Wakili kanikataza kukupa chochote mpaka kesi iishe."

"Nimekuharibia, mwenzangu."

"Umeniharibia sana, sikufichi. Nimerudi kumsimulia Merle upya kwa watu wasionijua." Alimkabidhi bakuli. "Lakini siku ile nilikula nimekaa."

Verna alilishika kwa mikono miwili. "Ingia basi, kahawa ipo."

"Siruhusiwi."

Aliondoka. Verna alisimama mlangoni mpaka gari likapotea barabarani. Kisha akapasha supu ya kopo, akavuta kiti, akakaa mezani, kiti cha marehemu kikiwa mbele yake. Supu ilikuwa imepungua chumvi, na hakukuwa na wa kumwambia.