Mgonjwa wa mfano

Leo nimejulia darasani kwamba mama yangu hatapona.

Mnajua nasomea kuwahudumia wagonjwa kiroho, katika hospitali ya misheni huku Msambweni. Somo la leo lilikuwa maadili.

Padri anayetufundisha akatoa mfano. Mama mmoja ana saratani ya ini, imeshaenea. Amewakataza madaktari kumwambia binti yake. Je, binti aambiwe?

Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Mimi na kiherehere changu.

Nikasema, "Asiambiwe, Padri. Mwili ni wa mama. Binti atalia siku yake ikifika."

Wenzangu wakacheka kidogo. Padri akasema, "Vizuri sana."

Kisha akaongeza kwamba mama huyo hukaanga samaki Kona ya Musa, na jicho lake moja halioni.

Padri ni mgeni, hajui mimi ni mtoto wa nani. Wenzangu wanajua. Wamekula samaki wale.

Hakuna aliyenitazama.

Nikatoka, nikaenda wodini alikolazwa mama. Mimi niliambiwa ni vidonda vya tumbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Daktari asema naendelea vizuri. Nitafutie karai jipya, lile limetoboka."

Nikamwambia nitalitafuta.

"Mbona macho mekundu?"

"Vumbi, mama."

Akanivuta karibu, akanifuta kwa pembe ya leso yake, polepole, kama mtu anayejua si vumbi.



Nimeketi nje ya wodi. Nyinyi mngemwambia kwamba mnajua?