Kitambaa Nilichokiacha Japani

Mpaka leo nikiliona benchi la nyuma kanisani, damu inanichemka. Pale ndipo walipokalishwa waliotengwa: msichana aliyeshika mimba nyumbani kwa baba yake, mlevi wa pombe ya muratina, mwanamume aliyeoa mke wa pili. Na mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili, nikakalishwa pale kwa ajili ya kitambaa cha kichwa. Kitambaa! Wangesema nimeiba sadaka, angalau ningejua pa kuanzia kujitetea.

Hii ilikuwa Ruiru, upande wa Gatongora, miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Wamishonari walitafuta mwanamke mmoja wa kwenda Japani, kwenye mkutano wa walimu wa shule ya Jumapili kutoka nchi nyingi. Nikachaguliwa kwa sababu nilijua Kiingereza kidogo, na kwa sababu mume wangu, aliyefanya kazi Thika kwenye kiwanda cha kutia nanasi mikebeni, hakukataa. Ai, walivyofurahi! Kina mama wa chama cha kanisa walinipikia mukimo, wakaimba, wakanivisha kitambaa kipya cha chama, cheupe chenye pindo la buluu. Pindo hilo lilishonwa kwa mkono na mama mkwe wangu. Akaniambia nisikivue mbele ya wageni, wasije wakadhani tumetoka porini.

Lazima niseme kwanza jambo lililotangulia, maana bila hilo hutaielewa hasira yangu. Miaka michache kabla ya safari, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikipigana na Mau Mau, tulifungiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki. Humo nilijifungua msichana, mtoto wangu wa kwanza, akapewa jina la mama mkwe, kama desturi yetu ilivyo. Hakumaliza mwezi. Kifua kilimbana wakati wa amri ya kutotoka nje, na tuliporuhusiwa kufungua mlango alikuwa amekwisha. Nikaenda kwa mzee wa kanisa kumwomba aje aseme sala moja tu. Akanijibu kwamba mtoto hakubatizwa, na asiyebatizwa kanisa halina neno juu yake. Alisema hivyo bila hata kuinuka kitini.

Mume wangu akachimba shimo mwenyewe, kando ya handaki. Kesho yake nikaitwa kazi ya lazima kama wengine, maziwa yakinivuja kifuani. Kila aliyefungua mdomo aliniambia ninyamaze, nitapata mwingine. Mama mkwe hakusema hata hilo. Baadaye amri ikatoka handaki lifukiwe, na udongo ukachotwa papo hapo kando. Mtoto wangu alikwenda na udongo upi, sijui. Hilo hakuna aliyeliita dhambi.

Basi, huko Japani, katika mji wao mkubwa, tulipewa mchana mmoja wa kutembea. Mwalimu mmoja wa kwao, mama wa makamo, Mkristo kama mimi, akanichukua kuona hekalu la zamani la Kibudha. Nilidhani litakuwa mlimani, mahali pa giza. Kumbe liko mjini kabisa! Tramu zinapita nje zikipiga kengele, na nyuma yake mnara wa chuma ulikuwa ukijengwa, mafundi wako huko juu wadogo kama siafu. Lango lake la mbao, jekundu lililofifia, lilikuwa la mamia ya miaka. Hekalu lenyewe liliteketea kwa mabomu ya vita, lango likapona. Tulipita chini yake pamoja na makarani waliokuwa wakienda kula chakula cha mchana.

Sikuinama. Nasema waziwazi kwa sababu mpaka leo kuna wanaosema niliinama. Sikuwasha ubani. Watu walikuwa wakinawa kwa kata ya mbao kwenye birika la jiwe, nami nikanawa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa michafu.

Chini ya mti kulikuwa na sanamu ndogo za mawe, za kimo cha goti, nyuso zao kama za watoto wanaosinzia. Shingoni zilikuwa zimefungwa vitambaa vyekundu, kama kile anachofungwa mtoto asijichafue akilishwa. Nikauliza ni nini. Mwenzangu akanieleza kwamba ni sanamu za mlinzi wa watoto waliokufa, na mama aliyefiwa humfunga kitambaa ili mtoto asishikwe na baridi huko aliko. Nikamuuliza kama hata wachanga kabisa huwekewa. Hata hao. Nikamuuliza ni nani anayetoa ruhusa. Swali hilo hakulielewa kabisa.

Kisha akapiga magoti mbele ya sanamu moja, akakinyoosha kitambaa chake.

“Wangu aliungua siku ya mabomu,” akasema. “Sikupata kitu cha kuzika. Yesu namjua, lakini mtoto lazima awe na mahali pake.”

Sanamu ya pembeni kabisa haikuwa na kitu shingoni. Jiwe tupu, limeota ukungu. Nikavua kitambaa changu cha chama nikaifunga nacho, nikakaza fundo. Halafu nikalia. Nililia kwa sauti, katikati ya mji wa watu, kichwa wazi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ninyamaze.

Niliporudi, kabla hata hawajaniuliza habari za ndege, kina mama waliniuliza kitambaa kiko wapi. Ningeweza kusema kimepotea. Lakini kwa nini nidanganye? Nilipoambiwa nisimame kanisani nitoe habari za safari, nikasimulia yote, pamoja na jiwe na kitambaa. Mzee wa kanisa, yule yule wa kitini, alinikata kauli katikati. Wazee wakaketi bila kuniita, wakaamua: darasa nimenyang'anywa, Meza ya Bwana nisiikaribie, nikae nyuma mpaka nitubu mbele ya watu kwamba niliinamia sanamu na kuivika vazi la kanisa. Na mzee huyo, ng'ombe wake walipokuwa wakifa mmoja mmoja, alionekana akishuka Ngoliba kwa mganga. Nani alimkalisha nyuma? Nyani haoni kundule, wallahi.

Nilikaa kwenye lile benchi kahawa ikachanua, ikaiva, ikachumwa. Si aibu iliyoniumiza zaidi, ni wale watoto. Darasa lao lilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati, nikiwasikia wakiimba vibaya nyimbo nilizowafundisha, na huyo mwalimu mpya akiwafokea. Wakikutana nami njiani walikuwa wamefundishwa kutonisalimu. Mume wangu alinisihi nitubu yaishe, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Mama mkwe alikuwa akipita karibu nami kila Jumapili kwenda kukaa mbele na wenzake wa chama, kitambaa chake kimenyooka. Hilo nalo lilinikera, Mungu anajua.

Mwishowe nikakubali. Nilitaka watoto wangu wa darasa. Nikayakariri maneno yenyewe nikichuma kahawa: nimekosa, nipokeeni. Jumapili ikafika, nikasimama mbele, kanisa limejaa.

“Mwalimu,” mzee akasema, “tuambie dhambi yako tukupokee.”

Nikafungua mdomo kuyasema yale maneno niliyoyakariri. Nikamwona mzee alivyokaa siku ile nilipomwendea, mkono mmoja juu ya goti, akinieleza juu ya ubatizo.

“Nilizaa mtoto,” nikasema. “Alikuwa na jina.” Nikalitaja, kwa sauti ya kufika nje. “Nilikuja kwako ukakataa kumwombea. Basi nikamtafutia mahali kwa wengine, nikamfunika asishikwe na baridi. Kama hiyo ni dhambi, niacheni nayo.”

Kwenye benchi la mbele mama mkwe akainuka, maana jina nililolitaja lilikuwa lake. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilijua atanilaani mbele ya watu kwa ajili ya pindo lake, na nikajiandaa kumjibu, mkwe asiye na adabu nilivyokuwa siku hiyo.

“Kile kitambaa,” akaniuliza, “kilimtosha?”

“Kilimtosha, maitu, mama yangu. Kilizunguka mara mbili.”

Akatikisa kichwa kukubali. Mzee akamwambia akae chini. Mama mkwe akaniashiria nimfuate, akapita katikati ya wanaume na wanawake polepole na fimbo yake mpaka benchi la nyuma, akaketi hapo, akanisogezea nafasi.