Wadhifa Wangu Kikaoni

Jumamosi nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, huko Kiwalani, kwenye kikao cha kuamua hatima ya kiwanja kilichokuwa gereji ya betri. Daftari la mahudhurio liliponifikia, penye wadhifa nikaandika "mtaalamu wa mazingira", kwa kuwa habari za mazingira nimeziandika kwenye safu hii mara mbili nzima.

Nikasimama na fungu la mchicha nililochuma palepale kiwanjani. "Nani anasema udongo ule una sumu? Tazameni mboga ilivyostawi! Tulime, maghorofa yatafute kwingine."

Nikapigiwa makofi. Mama mmoja anayeishi jirani na kiwanja akanyoosha mkono taratibu.

"Baba, mchicha ule tuliupanda sie, ili watu wasitupe taka pale wakati tunasubiri udongo upimwe. Hatuuli."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mtaalamu, wewe unaulaga?"

"Tangu makala ya kwanza," nikajibu.

Yule mama akashika kichwa. "Jamani! Mie nikikuona unachuma nilijua unapeleka maabara."

Kabla ya kuondoka niliomba daftari, nikakata "mtaalamu", nikaandika "sampuli".