Ndege wa Kichwani mwa Emérence

Wengine hushona kwa uzi. Emérence Nabintu alishona kwa kelele. Uzi ulikuwa unasaidia tu.

Baraza yake ya ushonaji ilikuwa mtaani Kadutu, imebanana ubavu na baa ya papa Venant kama kupe na ng'ombe. Juu ya mlango wa baa palifungwa kipaza sauti chenye mdomo mpana kama ua la boga, na mdomo huo ulimwaga rumba kutwa. Mpangaji wa kwanza wa baraza ile, mwalimu wa shule, alihama siku ya tatu, kitanda kichwani, akilaani kwa Kifaransa safi. Aliyemfuata alihama bila kulaani, maana hakusikia tena hata laana zake mwenyewe. Ndipo akaja Emérence. Alisimama, akatega sikio, akasukuma mashine yake mpaka ikakaa chini kabisa ya kipaza sauti.

"Maman, hapa masikio yako itakufa," papa Venant akamwonya.

"Papa Venant, ongeza kidogo."

Toka siku hiyo, kila rumba ilipopanda, mguu wa Emérence ulishuka kwenye kanyagio, na mshono ukatoka mnyoofu hata ungeweza kuupigia mstari wa barabara. Wake za wakubwa walipanda kutoka Nguba, mtaa wa matajiri, na magari yao kuleta vitambaa. Walishonesha kwake na kumcheka papo hapo, yote kwa safari moja.

Walikuwa na haki ya kucheka. Mkute Emérence mahali penye ukimya, utamhurumia. Alitoka kuteka maji akarudi na makaa, ndoo ameisahau kisimani. Alitia chumvi kwenye chai ya wageni. Kwa masista alikojifunza kushona, kimya ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza, na Mungu ya pili. Huko alishona kanzu ya misa akaifunga na shingo. Padri akaingia ndani yake sakristiani, akawa anatafuta tundu la kichwa huku kengele inalia. Masista walimrudisha nyumbani na ujumbe mfupi: roho nzuri, kichwa hewani.

Mtu mmoja tu hakucheka: mama yake, maman Constance, muuza sombe. Huyo hakusoma hata darasa moja, na pengine ndiyo maana alikuwa na nafasi ya kutazama. Aliona kwamba mtoto akikaa na masomo yake pembeni, anasoma mstari mmoja kisha anafuata nzi. Akikaa kando ya kinu wakati majani ya mihogo ya sombe yanatwangwa, pu! pu! pu!, anasoma mpaka mwisho. Majirani walipouliza kwa nini anatwanga hata siku ambazo sombe imekwisha, alijibu:

"Kichwa ya mutoto wangu iko shamba ya mutama. Ukinyamaza, ndege banashuka kukula. Lazima mutu apige kelele, bakimbie. Basi miye napiga."

Alipiga miaka yote ya shule. Mkono wake wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto.

Maman Constance alikuwa na neno moja alilolirudia tangu zamani. Ndani ya kasha lake alihifadhi kitambaa cha buluu chenye maua meupe. "Hiki ni cha safari. Siku nitakufa, unishonee robe weye mwenyewe, ndefu mpaka kwenye miguu, na mikono mirefu. Nimeonyesha watu mikono yangu sana, inatosha. Kule nataka niingie kama maman wa bureau, mwenye kazi ya kalamu."

Emérence hakukikata. Nani anamshonea mama yake nguo ya kaburi huku mama anakula ugali mbele yake? Ni kukiita kifo kwa jina.

Kifo kilikuja bila kuitwa, asubuhi moja, maman Constance akiwa anachambua majani. Kufika saa za jua kali, kiwanja kilikuwa kimejaa watu. Maziko yalipangwa kesho yake, na mfiwa, kwa desturi, haondoki nyumbani. Basi vijana wakabeba mashine wakaivusha uani, nyuma tu ya baraza, wakaiweka chini ya dirisha la chumba alimolazwa mama. Emérence akafungua kasha, akatandaza kitambaa, akasubiri.

Akasubiri nini? Muziki. Lakini papa Venant alikuwa mtu mwenye heshima. Aliposikia kilio, alizima mashine yake ya santuri, akapanda ngazi, akakifunga kipaza sauti mdomo kwa gunia. Tangu baa ile ifunguliwe ilikuwa haijawahi kunyamaza mchana. Watu walimsifu. Emérence alimtazama akishuka ngazi, akahisi kama anatazama mtu akimfungia mlango kwa upole mwingi.

Ukimya ukatanda, na ndege wakashuka. Mtu alikohoa: akafuata kikohozi. Kifuniko cha sufuria kilianguka: akafuata kifuniko. Mshono wa kwanza ulikwenda kulia ukarudi kushoto kama mlevi anayetafuta kwake. Akaufumua. Wa pili ukakunja kola ndani ya ubavu. Akaufumua.

Alimwendea baba yake mdogo, Barthélemy, mkatekista, ambaye misiba ya ukoo wote ilikuwa mikononi mwake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeipenda hivyo.

"Baba mudogo, naomba papa Venant afungue muziki. Kidogo tu. Siwezi kushona."

Barthélemy akavua miwani. "Rumba? Mama yako analala pale, hajapata hata sanduku, na weye unataka rumba?"

"Si ya kucheza, baba. Ni ya kushona."

"Hata shetani hakuwaza jibu kama hilo. Enda ulie kama wenzako!"

Alikwenda. Wala hakukosa machozi. Lakini machozi nayo yalikuwa ya kimya, hayakumsaidia.

Ndipo Chama kikaingia. Chama wakati ule kiliingia popote. Nchi ilikuwa imegundua kwamba taabu zetu zote zilitokana na majina ya watakatifu, ikayafuta; Emérence akawa Nabintu kwenye karatasi, na Emérence kwa sauti ya chini. Mkuu wa Chama wa mtaa, aliyebatizwa Honoré, sasa alikuwa Citoyen, yaani Raia, Bagalwa, ndani ya abakosti, lile koti la Chama lisilo na tai, iliyomkaba shingo. Alikuja kutoa pole. Emérence alimtazama: ndiye aliyekuwa na kikundi cha wachezaji na ngoma zao, waliofanya mazoezi ya nyimbo za Chama kila siku nyuma ya baa. Mkubwa kutoka Kinshasa alitazamiwa jioni ile.

"Citoyen, leo hamufanye repetisyo?"

"Tumesimamisha, citoyenne. Heshima ya kilio."

Emérence akapaza sauti ili kila kiti kisikie. "Kumbe! Chama inanyamaza juu ya maman moja ya sombe? Na mukubwa akisikia?"

Shingo ya Citoyen Bagalwa ilivimba ndani ya kola. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mtu aliyekalia yai. "Nani alisema inanyamaza? Ilikuwa inapumua tu!"

Muda si muda ngoma zililipuka nyuma ya ua. Firimbi, makofi, wanawake hamsini wakimsifu Mwongozi wa nchi kwa koo zote. Barthélemy aliruka kitini, mkono juu, "Nani huyo..." kisha akasikia ni nani. Mkono uliokwishapanda haukuwa na njia ya kushuka kwa heshima. Akaupigisha kofi na mwenzake, akaanza kuitikia.

Na Emérence akashona! Ndege waliruka wote kwa pamoja. Alikata mgongo, akaunga mabega, akaweka kola. Akateremsha robe ndefu mpaka miguuni, akaipa pindo pana la mara mbili, la maman wa bureau kabisa. Akatia mkono wa kushoto, ukakaa kama umezaliwa pale. Alikuwa analia, anashona, na Chama kinampigia ngoma, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na mama yake, si na vifuniko vya sufuria.

Kisha lori likaja. Mkubwa amekaribia, wachezaji wapandishwe wakapange mstari barabarani. Ngoma zilipanda lori, zikashuka mteremko wa Kadutu, zikawa mbali, zikawa hakuna.

Mkono wa kulia ulikuwa bado.

Emérence alikaa. Akatazama kinu kilichoegemea ukuta. "Mutu anitwangie," akasema.

Wanawake wa jikoni wakatazamana. "Sombe iko kwenye moto tayari, dada. Tutwange nini?"

"Kinu tupu. Mupige tu."

"Kinu tupu kwenye kilio!" Barthélemy akasikika. "Munataka kuita mwingine?"

Hakuna aliyenyanyua mchi. Hawakuwa wabaya, hawakujua. Aliyejua alikuwa amelala nyuma ya dirisha lile, mikono juu ya kifua.

Emérence akachukua mkasi. Jogoo akawika. Mtu akauliza kahawa iko wapi. Mtoto akalia, mwingine akamnyamazisha, na kule kunyamazishwa kukawa kelele nyingine, lakini ya kuvutia, si ya kufukuza. Alipoinamisha macho, mkasi ulikuwa umepita katikati ya kitambaa cha mkono wa kulia, upande kwa upande, na kipande kingine hakikuwapo ndani ya kasha.

Kesho yake walimvika maman Constance robe yenye mkono mmoja. Mkono wake mnene, wa kutwangia, ulikuwa wazi hadi begani, kama wa mwanamke aliyekunja nguo aanze kazi. Wageni waliinamisha macho. Maman Apolline, mke wa Barthélemy, akaona aibu ya ukoo. Akafungua kitenge chake cha pili kiunoni, akaufunika ule mkono.

"Simameni!" Citoyen Bagalwa akajitokeza, jasho linamtoka. "Hicho ni kitenge ya Chama. Sura ya Mwongozi iko pale!"

"Basi?" maman Apolline akauliza.

"Basi munataka kumuzika Mwongozi angali muzima?"

Watu wakarudi nyuma kama waliomwagiwa maji. Mmoja akashauri kigeuzwe, sura itazame chini. Bagalwa akasema hiyo ni mbaya zaidi. Barthélemy akashauri kikatwe. Nani akate? Maman Apolline alikichukua kitenge chake, akakifunga tena kiunoni, Mwongozi akiwa salama nyuma yake. Mkono ukabaki wazi.

Emérence alisimama kando ya sanduku. Macho yake yakawa mara juu ya mshumaa, mara juu ya viatu vya watu.

Kifuniko kikawekwa. Fundi akatoa misumari, akaanza kupiga, pa! pa! pa!, na uwanja mzima ukajaa ule mlio.

Kichwa cha Emérence kikatulia kama ziwa alfajiri. Ndege wote wakaruka. Akaiona robe nzima, kila mshono, kana kwamba kifuniko ni kioo: mgongo, kola, mkono wa kushoto, na kule miguuni pindo pana la mara mbili. Ndani ya lile pindo kulikuwa na kitambaa cha kutosha mkono mzima na kubaki. Kilikuwapo wakati wote. Angelifumua tu, akafupisha robe kidogo, maman angeingia kule amejifunika.

"Ngoja!" akapiga kelele. "Ngoja! Fungueni!"

"Kilio imemupanda," Barthélemy akasema. "Mushikeni."

Lakini fundi alikuwa mtu mwema. Aliona uso wake, akaisimamisha nyundo hewani, akanyamazisha na watu kwa mkono.

"Maman, tunakusikiliza. Unasema nini?"

Kimya kikawa. Emérence alifungua mdomo. Kuku alikuwa anapita kati ya viti. Mtu alikohoa. Kamba ya kushushia sanduku ilikuwa ya kijani, na ncha yake moja imeungua.

Fundi alimngoja kwa muda. Kisha akashika msumari mwingine.