Nyuma ya Stesheni Isiyo na Treni

Nilipoacha kazi ya kupanga mizigo karibu na uwanja wa ndege kule Euless, shoga yangu niliyekuwa nikikaa naye alinicheka. "Ume-quit tena? Una upupu miguuni wewe!" Miaka kumi na mmoja Texas, na sijawahi kumaliza mwaka ndani ya nyumba moja. Nikapakia masanduku mawili kwenye gari, nikateremka Houston kumtunza bibi mmoja Mjamaika aliyekuwa akiishi peke yake Sugar Land.

Jina la mahali lilimuudhi. "Maisha yangu yote nimeikimbia miwa," aliniambia siku ya kwanza, "halafu mwanangu ananinunulia nyumba kwenye Nchi ya Sukari." Kisha akaniuliza mbona sijamwamkia. Nilikuwa nimesema haloo. Kwao hiyo si salamu. Ilibidi nitoke nje, niingie upya.

Mji wake wa Jamaika alinipa kwa masimulizi, kidogo kidogo, nikimsuka au nikimenya viazi. Ulikuwa mji mdogo wa shamba, mbali na fukwe za watalii, na ulikuwa na Juu na Chini. Juu ni mlimani, walikopanda mababu utumwa ulipokwisha, wakanunua vipande vya ardhi ya mawe ili wasilale tena kwenye ardhi ya mwenye shamba. Chini ni kwa wale waliobaki kambini, jirani na kiwanda cha sukari. Yeye alizaliwa Chini akaolewa Juu, na mama mkwe wake alikufa bila kumsamehe.

"Mawe matupu!" alisema akicheka. "Hata mihogo yao ilitoka imepinda. Lakini pua zao sasa, juu mbinguni!"

King'ora cha kiwanda ndicho kilichowaamsha na kuwapeleka kula. Kiwanda kilifungwa, reli ikang'olewa, na bado watu waliendelea kukaa mezani saa ileile. Ukiuliza njia, hakuna aliyekutajia kitu kilichopo. Waliambizana kata kona penye mizani ya miwa, na mizani haikuwapo. Pita stesheni, na pale walikuwa wakilishwa mbuzi.

Nilimwelewa upesi. Mimi nimezaliwa kambi ya mkonge, Tanga. Duka letu tuliliita kwa Mgiriki, na huyo Mgiriki aliondoka kabla mama yangu hajaolewa. Bibi akilala mchana, nilikaa jikoni nikijaribu kuikumbuka kambi yetu nyumba kwa nyumba. Nilifika ya nne nikakwama. Mji wa bibi niliweza kuutembea wote, mji ambao sijaukanyaga.

Mwezi wa nane mwanawe alikuja na muuguzi. Alikuwa na wasiwasi kwamba akili ya mama yake inapotea, na alitaka kuamua kama abaki nyumbani au ahamie makao ya wazee Stafford. Muuguzi akavuta kiti.

"Mama, unaishi wapi?"

"Chini, nyuma ya stesheni."

Muuguzi akaandika. Mwana akainamisha kichwa.

"Hajapotea," nilisema, nikiwa sijaulizwa. "Amekutajia kwao. Watu wa huko wanaelekezana hivyo, hata sisi kwetu. Muulize hii nyumba ni ya nani."

Akaulizwa. "Ya huyu hapa," bibi akamnyooshea mwanawe kidole. "Barabara imejaa majirani wasio na adabu, na ua hauna hata mti wa limau. Andika na hayo."

Muuguzi alicheka. Mwana hakucheka, ila mabega yalimshuka kama aliyetuliwa mzigo. Baadaye alinifuata penye gari.

"Naweza kumwacha hapa," alisema. "Ila nataka mtu atakayekaa. Kabla yako wameondoka wanne, na kila mmoja akiondoka mama hali chakula siku mbili. Niahidi mwaka mmoja tu."

Nilimpenda yule bibi. Hakuna mtu Texas nzima aliyekuwa akiningoja mezani isipokuwa yeye. Neno ndiyo lilikuwa mdomoni.

"Nipe siku mbili tatu," nikasema.

Zilipita wiki mbili. Kila asubuhi niliamka nikiwa na nia ya kumpigia, na kila mchana nilijikuta kwenye simu nikisoma matangazo ya kazi za Fort Worth. Bibi aliniona.

"Usimwahidi kitu, mwanangu. Utakuja kunichukia."

"Siendi popote, bibi."

"Leo," alisema, akaendelea kuchambua mbaazi.

Mwanawe hakungoja zaidi. Bibi alihamia Stafford siku ya Jumamosi, na nguo zake nilizikunja mimi. Hakulia. Aliniambia tu gauni la bluu lisikunjwe, litundikwe.

Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya pili aliniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia nimepata, Fort Worth, ghala la nguo.

"Kuna watu unaowajua huko?"

"Bado."

Alikuwa amenishika mkono muda wote ule. Akautazama, akaupapasa kidogo kwenye vidole, kisha akauachia ili niwahi barabara kabla ya foleni.