Wairimu Wawili na Magogo Mawili

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha haijawahi kunitoka puani. Msimu wa kuchuma ulipofika, kiwanda cha shamba walikofanya kazi wazazi wangu kilimwaga maganda mekundu kando ya mto Ruiru, yakafuka mvuke asubuhi, yakanuka utamu na uchachu kwa pamoja. Hata leo nikiinusa moyo hunidunda kwa furaha, mimi ambaye mwaka ule moyo huohuo ulinidunda nikadhani ninakufa! Nilikuwa na miaka kumi. Shule ilikuwa ng'ambo, upande wa Gitothua, na kati ya kambi yetu na shule palikuwa na daraja la magogo mawili na waya wa kushikia.

Sikuwahi kuanguka pale. Asubuhi moja tu, katikati ya magogo, bila sababu yoyote, pumzi ilinikatika, vidole vikafa ganzi, masikio yakajaa mvumo. Nilirudi mbio. Ah, raha ya kurudi! Sikujua kwamba raha ile ndiyo mtego. Kesho yake hofu ilikuwa imenenepa, ikaningoja kwenye hatua ya kwanza, na wiki iliyofuata ikanikuta mlangoni petu kabla sijavaa sweta. Nilimficha kila mtu. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Watu wazima walipekuliwa njiani na walikuwa na hofu zenye sababu. Nani angethubutu kulilia magogo ambayo mbuzi waliyavuka wakicheua?

Baba aligundua, na hapo mila yetu ikaniponza. Nilipewa jina la mama yake, Wairimu, na kwetu Wakikuyu mtoto mwenye jina la nyanya ni nyanya mwenyewe, hata nyanya akiwa bado hai. Baba aliniita "maitu", yaani mama. Sasa mtu atamlazimisha vipi mama yake? Alinivusha mgongoni, mimi msichana mkubwa, nimefumba macho, nimeng'ang'ania kola ya koti lake. Kila asubuhi alichelewa kazini, akakemewa na mnyapara, wala hakuninung'unikia. Nilimpenda mno kwa hilo. Na kila asubuhi miguu yangu ilisahau zaidi kuvuka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Baba, maskini, alimchelea mama.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa darasa la nne, ule uliowatenga wa kuendelea na masomo na wa kubaki na debe la kuchumia kahawa, Baba alipata kazi ya mkonge upande wa Thika, akawa anarudi Jumamosi tu. Cucu, yule nyanya mwenye jina langu, akaja kukaa nasi. Siku ya kwanza pale mtoni nilimnyooshea mikono anibebe. Alicheka mpaka ugoro ukamwagika.

"Wewe si ndiye mimi? Umewahi kuona mtu amejibeba mgongoni?"

"Cucu, nitakufa!"

"Haya, kufa, nione jina langu linavyokufa. Lakini fia papo hapo, usirudi."

Tukasimama kwenye gogo, hatua moja tu kutoka ukingoni. Hakunishika mkono. Alikitania kichwa changu, eti kikubwa kama cha baba yangu, huku hofu ikipanda kama maziwa jikoni. Nikangoja imwagike. Ikapanda, ikapanda, kisha ikashuka. Yenyewe!

"Imeshuka!" nikapiga kelele.

"Ungekimbilia nyumbani, ungedhani nyumbani ndiko kulikoishusha," alisema, akijifuta ugoro.

Kesho yake hatua tatu, kesho kutwa katikati. Siku ya nane nilivuka, nikarudi, nikavuka tena nikirukaruka, nikawaimbia hata vyura! Siku ya tisa hofu ikanirukia upya, nami nikaketi kwenye nyasi nikalia kwamba yote yamepotea.

"Jana ulishiba irio, leo una njaa," Cucu alisema. "Basi irio za jana zilikuwa za uongo? Inuka."

Asubuhi ya mtihani mvua ilikuwa imenyesha, mto umejaa, magogo yanang'aa. Nilimwambia ninangoja hofu iondoke kwanza. "Haiondoki hiyo," alisema. "Nenda nayo, nayo ikafanye mtihani." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilivuka nayo, macho wazi, mto ukinguruma chini yangu, na nilipokanyaga ng'ambo nilipaza sauti mpaka wachumaji kahawa wakaitikia! Niliandika nikiwa nimelowa. Nilifaulu.

Sasa pale pana daraja la saruji, na malori hulivuka bila kulitazama. Cucu alishatuacha. Baba anaishi Witeithie, na tangu lori lilipomparuza koti hajavuka barabara kuu kwenda kanisani, ijapokuwa anaisikia kengele. Jumapili iliyopita nilimkuta amesimama kando ya lami, akitanguliza mguu na kuurudisha. "Turudi tu, Baba, tutasali nyumbani," nilitaka kusema. Kinywa kilikuwa tayari kimefunguka. Naam, hata mimi! Kumbe huruma ndiyo inayotangulia, miaka ile na sasa.

Nikakifumba. Kisha nikamwambia, "Mwanangu, leo hatubebani."

Alinitazama, akacheka kicheko cha mama yake. "Sawa, maitu."

Malori yakapita, vumbi likatupiga, hakuna kati yetu aliyegeuka. Tukasimama hapo hapo, wote wawili, tukiingoja hofu ishuke.