Fundi wa Kufagia Picha

Mjini Bariadi watu walimwita fundi wa kufagia, ingawa ufagio wake ulikuwa kipanya cha kompyuta. Tangu kamera za bei nafuu zijae madukani, wazazi walimletea picha walizopiga wenyewe, watoto wakikimbia na kupiga danadana, naye akawaondolea nyuma yao mbuzi, kamba ya nguo, hata mlevi aliyelala. Alifanya kazi ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na kila alichokifuta alikisindikiza kwa sauti ya upole: “Nenda salama.”

Asubuhi moja Mhoja alileta picha ya bintiye akiruka mtaro, nyuma yake ng’ombe wamejaa, wamenona. Kaka yake wa Maswa ndiye aliyeitaka, na Mhoja alikuwa anampelekea siku hiyo hiyo.

“Nilimwambia ukame umewamaliza wote, asije akaniomba ndama,” alinong’ona. “Toa ng’ombe, kijana. Abaki mtoto.”

“Wataondoka, baba.”

Mhoja akaenda kunywa chai. Aliporudi, basi la Maswa lilikuwa linapiga honi. Akaichungulia picha. Ng’ombe hakuna, hata mkia. Lakini yangeyange waliokuwa wamepanda migongoni mwao walibaki palepale, weupe, wamesimama hewani kwa mstari, wametulia kabisa.

“Na hawa ndege?”

“Ulisema ng’ombe, baba. Ndege hukuwataja.”

Honi ikalia tena. Mhoja akaitia picha kwenye bahasha, akakimbia.

“Kaka akiuliza,” fundi alimpazia sauti, “mwambie bado wako msibani!” Kisha, kwa upole uleule: “Nenda salama.”